Mwenye Nyumba Ndiye Afunuaye Kawa

Katika maneno ambayo Wakristo wa nchi hizi huyatamka kila Jumapili pasipo kuyafikiri sana limo neno ufunuo. Ndilo jina la kitabu cha mwisho katika Biblia, na ndilo neno walitumialo wahubiri watakapo kueleza jinsi Mungu anavyojijulisha kwa wanadamu. Huenda msomaji akadhani ya kuwa ni neno la vitabuni tu, lililobuniwa na wafasiri. Sivyo hata kidogo. Kufunua ni kazi ya nyumbani. Mpishi hufunua chungu atazame kama wali umeiva, mwanafunzi hufunua kitabu, na mgonjwa hufunuliwa shuka ili mganga apate kuona kidonda. Tena katika nyumba za Mombasa chakula kikiisha kutengwa hufunikwa kawa, kile kifuniko cha ukili chenye mfano wa kofia pana, nzi wasikifikie wala kisipoe, mpaka watu wote wakae mkekani. Hapo pana adabu yake. Mgeni, hata akiwa na njaa namna gani, na hata harufu ya mchuzi ikimjaa puani, hanyoshi mkono akaifunua kawa. Hukaa akangoja. Mwenye nyumba ndiye afunuaye, akasema, "Karibuni."

Nimeanza na kawa kwa kuwa sijaona mfano ulio karibu zaidi na imani ya Kikristo katika jambo hili. Imani hiyo yasema kwamba mtu kwa akili zake aweza kujua kuwa nyumba ina mwenyewe, na kuwa kuna kitu chini ya kawa. Aitazamaye bahari ya Mombasa, jinsi maji yanavyojaa na kupwa kwa saa zake, na jinsi kaskazi na kusi zilivyopokezana mwaka baada ya mwaka hata manahodha wa zamani wakaweza kupanga safari za Maskati na Bombay kwa kuzitegemea, hana budi kuuliza ni nani azitumaye. Mtume Paulo aliandika habari za namna hiyo katika waraka wake kwa Warumi. Wazee wa Rabai na Giriama walikuwa wakimwomba Mulungu mvua katika kaya zao kabla mmisionari yeyote hajakanyaga pwani hii, wala hakutoka mtu Ulaya kuwafundisha kwamba yuko. Lakini kujua kwamba mwenye nyumba yuko ni jambo moja, na kujua ana nini moyoni juu yako ni jambo jingine. Hilo la pili mgeni halipati kwa kunusa. Wakristo husema Mungu alilifunua kidogo kidogo kwa vinywa vya manabii, na mwisho wake hakuleta maelezo zaidi juu ya nafsi yake, bali alikuja mwenyewe, katika mtu mmoja, Yesu wa Nazareti.

Kulisema hilo ni rahisi. Kulisema Mombasa ni kazi, nami nitaeleza kwa nini.

Nilifanya kazi ya ukarani bandarini Kilindini kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilipanga vyumba viwili katika Mji wa Kale, karibu na Ndia Kuu. Kwa asili mimi ni mtu wa Kisauni, ng'ambo ya pili ya maji, na wazee wangu ni Wakristo tangu zamani za Frere Town. Jirani yangu alikuwa mzee mmoja Mwislamu, mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye mtaa mzima ulimwita Maalim. Alikwisha kufariki, Mungu amrehemu. Baada ya sala ya alasiri alikuwa akikaa barazani kwake, nami nikitoka kazini hupita kumwamkia, na muuza kahawa akifika na dele lake tulikunywa vikombe viwili vitatu pamoja. Mazungumzo yetu yalikuwa ya bei ya samaki na ya mpira kuliko ya dini, na nadhani ndivyo majirani wapasavyo kukaa. Lakini jioni moja aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kabla kahawa haijapoa.

"Bwana Karani," alisema, "nyinyi mwasema Mungu alijijulisha kwa Yesu. Nami Nabii Isa namjua, jina lake nalitaja kwa heshima, na mama yake vile vile. Lakini yule Yesu ambaye babu zetu waliletewa hapa kwanza, yule wa Ngome, ndiye huyo huyo au ni mwingine?"

Hakuuliza kwa ugomvi. Alikuwa akitazama upande wa Ngome, ambayo kutoka pale ni mwendo wa dakika chache tu, na uso wake ulikuwa wa mtu atakaye kujua.

Wasomaji wa bara huenda wasielewe uzito wa swali lile, basi nitaeleza. Wareno walifika Mombasa mwaka 1498 wakiongozwa na Vasco da Gama. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji akauchoma moto, na mwaka 1528 ukatekwa na kuchomwa tena. Kisha kati ya mwaka 1593 na 1596 walijenga ngome kubwa juu ya mwamba wa matumbawe mlangoni mwa bandari, kwa ramani ya Mtaliana mmoja jina lake Giovanni Battista Cairati, nayo wakaiita Ngome ya Yesu. Aendaye kuizuru leo ataona juu ya lango maandishi yaliyochongwa mwaka 1635. Humo hamna habari za Mahubiri ya Mlimani wala za mwana mpotevu. Mna habari za kapteni aliyeijenga ngome upya, na jinsi alivyowatiisha wafalme wa pwani na kuwatoza kodi. Jina la ngome ni Yesu, lakini katika maandishi ya mlangoni asemaye ni mtoza kodi.

Tena liko jambo la kushangaza zaidi, nalo limo katika lugha yetu wenyewe. Wataalamu wa lugha husema kwamba neno letu gereza limetokana na neno la Kireno igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Watu wa pwani waliwasikia Wareno wakiitaja igreja yao, iliyokuwa ndani ya boma, nyuma ya kuta nene na mizinga. Neno likahama likawa ni jina la boma lenyewe, kisha jina la mahali watu wafungwapo. Kule Unguja nako Ngome Kongwe ilijengwa mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Na hapa Mombasa Waingereza waliifanya Ngome ya Yesu kuwa jela tangu mwaka 1895 mpaka 1958, ndipo ikawekwa kuwa kumbukumbu ya kale, na sasa ni jumba la makumbusho liliyotiwa mwaka 2011 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Basi fikirini: watu waliambiwa kanisa, wakasikia kifungo. Sidhani kama yupo mhubiri awezaye kuyafuta hayo kwa ufasaha wake, wala sidhani kama yafaa kujaribu.

Maalim aliyajua hayo yote, na zaidi yake alijua habari za Yusuf bin Hasan, ambazo alizisimulia kana kwamba zilitokea juzi. Baba yake Yusuf, Sultani Hasan, aliuawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno. Mtoto akachukuliwa Goa, akalelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino, akabatizwa jina la Jeronimo, akaozwa mke Mkristo, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme chini ya Wareno. Haikupita miaka mingi akaonekana akisali kwa siri penye kaburi la baba yake, kwa desturi ya Kiislamu. Kapteni wa Ngome akapata habari. Yusuf naye akajua kuwa amejulikana, na katika Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamuua kapteni kwa mkono wake mwenyewe, kisha Wakristo wa mji wakatakiwa waiache dini yao au wafe.

"Kijana yule alifunuliwa nini?" Maalim aliuliza. "Waliomsomesha habari za upendo ndio jamaa za waliomuulia baba."

Kwa swali hilo hatukuwa na tofauti. Kwa maoni yangu yule kijana alifundishwa majibu ya katekisimo, lakini hakufunuliwa kitu. Alinyoshewa kawa akaambiwa ndicho chakula. Lakini nilimkumbusha Maalim sehemu ya pili ya habari ile, ambayo watembezaji wa watalii huipita upesi. Miongoni mwa waliouawa mwaka ule hawakuwamo Wareno na mapadri tu. Walikuwamo Waafrika pia, wanaume kwa wanawake, ambao hawakuwa na ngome, wala kodi waliyoipata kwa mtu, wala meli ya kuwapeleka Goa. Walipewa nafasi ya kuponya roho zao kwa neno moja la kukana, wakalikataa. Ushahidi wa mambo yao ulikusanywa baadaye huko Goa. Ni nani aliyewajulisha watu hao jambo hata wakaliona kuwa lapita uhai? Si mizinga, maana mizinga humfundisha mtu kuokoka, haimfundishi kufa kwa hiari. Sisemi haya ili kumlaumu Yusuf, ambaye dhiki yake yaeleweka na kila mwenye baba. Nasema tu kwamba chini ya kivuli cha ukuta ule ule, pasipo msaada wa ukuta, kuna watu waliojua.

Maalim alinyamaza kidogo, akasema, "Hilo nitalitia katika mizani." Tukaagana.

Siku nyingine mimi ndimi niliyeanza, nikamletea habari za mwaka 1844. Katika mwaka huo alifika Mombasa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza. Hakuja na askari. Alikuja na mkewe Rosine aliyekuwa na mimba, na ruhusa ya Sayyid Said wa Unguja. Katika Julai Rosine alishikwa na homa, akajifungua mtoto, na katika muda wa siku chache mama na mtoto wote wawili wakafa. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi hilo lipo mpaka leo. Habari hizo watu wengi wamezisikia. Ambayo hawakuisikia wengi ni kazi aliyokuwa ameianza mwezi uliotangulia. Alikuwa ameanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyeketi naye kumpa maneno hakuwa Mkristo, maana hapakuwa na Mkristo wa Kiswahili wa kuketi naye. Alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, mwanachuoni Mwislamu mwenye asili ya Barawa. Milango mitatu ya kwanza ya tafsiri hiyo ilipigwa chapa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wataalamu wa mambo ya Mashariki.

Twapaswa kusimama kidogo hapo. Wakristo wa Afrika Mashariki tumezoea kusema kwamba Neno la Mungu tuliletewa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kitabu kililetwa, maneno yalikuwapo. Mungu ni jina la Kibantu, ndugu yake yule Mulungu wa kaya za Rabai. Imani, dhambi, toba, rehema, neema, malaika, nabii, mtume, Torati, Zaburi, Injili, hayo yote yalikuwa yakitumika misikitini na vyuoni Mombasa karne nyingi kabla hayajasomwa kanisani. Hata neno kanisa lenyewe twalipata kwa njia ya Kiarabu, na ni afadhali, maana tungalishika lile la Wareno leo tungekuwa tukisali gerezani. Kwa hiyo Mkristo wa Kiswahili anapoungama dhambi na kuomba rehema, asitumie jirani yake Mwislamu dharau, kwa kuwa kinywa anachoombea amekopa kwake. Maalim alipendezwa sana na hilo. Alisema, "Basi tuwadai."

"Mtudai, Maalim," nilimjibu, "lakini kuna neno moja tulilolifanya wenyewe, na ndilo nitakalo kukuonyesha."

Nikaenda ndani nikaleta Biblia yangu, ile ya Muungano, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952. Kabla yake watu wa Unguja walikuwa na Biblia yao, iliyoanzwa na Askofu Steere na kutimia mwaka 1891, na watu wa Mombasa tulikuwa na yetu ya Kimvita ya mwaka 1914. Wazee wa kwetu walinung'unika sana Kimvita kilipowekwa kando, kama vile walivyonung'unika mwaka 1928, mkutano ulipofanyika hapa hapa Mombasa na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Nyanya yangu hakukubali kamwe kwamba Mungu angeweza kusema Kiunguja hali Kimvita kipo. Lakini hayo ni mambo ya wazee na lugha zao, tuyaache.

Nilimfunulia Maalim mwanzo wa Injili ya Yohana. Sitaunakili hapa, kila mwenye Biblia aweza kuutazama. Nilimwomba atazame vitenzi tu. Maalim alikuwa mtu wa nahau, aliyefundisha nahau ya Kiarabu maisha yake yote, na kitu cha namna hiyo hakikuweza kumpita.

Kila mtoto wa shule ajua kwamba neno ni katika ngeli ya li na ya: neno lilisemwa, maneno yalisemwa. Ungetazamia basi wafasiri waandike lilikuwa. Hawakuandika hivyo. Wameandika alikuwa, na mbele kidogo, pale Neno linapotwaa mwili wa kibinadamu, wameandika alifanyika. Mtu aweza kudhani wamekosea sarufi. Lakini sarufi yetu ina kanuni iliyo juu ya ngeli zote: kitu chenye uhai, hata kikiwa na umbo la ngeli nyingine, huchukua a. Husemi kijana kimekuja wala kipofu kimekaa, wala karani imeandika. Wasema amekuja, amekaa, ameandika. Uhai hushinda umbo la neno. Wafasiri hawakuivunja sarufi ya Kiswahili, walimtendea Neno kama tumtendeavyo kila aliye hai. Na silabi hiyo moja ndiyo tofauti kati ya imani ya Kikristo na imani nyingine nyingi juu ya jinsi Mungu anavyojijulisha. Neno likiwa li, basi ni kitabu, ni amri, ni habari, nasi twalisoma, twalihifadhi, twalitii. Neno akiwa a, basi yawapasa watu kukutana naye.

Maalim alivua miwani yake akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Hata katika Kurani," alisema, "Isa ameitwa neno litokalo kwa Mungu. Lakini sisi husema ni neno lililomwumba, si neno aliye Mungu. Hapo ndipo njia zetu zinapoachana, Bwana Karani. Mungu hafananishwi."

"Hapo ndipo zinapoachana," nami nikasema.

Hatukushindana. Nimewasikia vijana wa dini zote mbili wakishindana hadharani kwa vipaza sauti, kila mmoja na kitabu cha mwenzake mkononi, wala sijaona aliyerudi nyumbani akiwa amemjua Mungu zaidi ya alivyoondoka. Maalim aliniuliza swali lililobaki, na lilikuwa gumu kuliko lile la Ngome. Alisema, "Kama ni mtu, naye hayupo tena hapa duniani kwa mwili, mimi nitakutana naye wapi? Kitabu changu kipo, nakishika. Mtu wenu yuko wapi?"

Jibu la Kikristo kwa swali hilo ni kwamba Roho wa Mungu humleta katika Maandiko, katika mkate na divai, na katika watu wake. Ni jibu sahihi, lakini barazani, kati ya vikombe vya kahawa, lilikuwa kavu. Nikamsimulia habari za watu.

Nilimsimulia Mringe wa Rabai. Huyu alikuwa kiwete, maskini, asiye na cheo katika kaya. Krapf na mwenzake Johannes Rebmann, aliyefika mwaka 1846, walihubiri Rabai miaka mingi na wazee waliwasikiliza kwa adabu, wakakubali zawadi zao, wakarudi kwenye tembo yao. Krapf aliota mstari wa misheni kutoka bahari hii mpaka bahari ya magharibi. Alichopata ni kiwete mmoja. Rebmann alimbatiza Mringe mwaka 1851, akiwa karibu na kufa, naye ndiye Mkristo wa kwanza wa kazi ile yote. Mtu atakaye hesabu za ushindi atacheka. Mimi naona kwamba kama Mungu angetaka kusahihisha kosa la Ngome, hangepata njia ya wazi zaidi: mara ya kwanza jina la Yesu lilikaa katika mawe ya matumbawe mlangoni mwa bandari, na mara ya pili likakaa katika mtu asiyeweza kutembea. Rebmann alikaa pale mpaka mwaka 1875, akaondoka macho yake yamekwisha pofuka.

Kisha nilimsimulia mama yake nyanya yangu, habari ambazo kwetu husimuliwa Krismasi na matangani. Msomaji ajue kwamba mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Unguja kwa ajili ya mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na muda mfupi baadaye misheni ikaanzisha kijiji ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa kwa watu waliotolewa majahazini, nacho kikaitwa kwa jina lake. Kengele yao ingali ikining'inia penye njia panda, na mahali pale mpaka leo huitwa Kengeleni. Frere Town haikuwa pepo. Wakubwa wa kwanza wa kijiji walitumia viboko juu ya watu waliokwisha kupigwa vya kutosha, hata malalamiko yakafika Uingereza. Nasema hivyo ili nisije nikaifanya misheni yetu kuwa ngome nyingine isiyoruhusiwa kulaumiwa.

Mama yake nyanya aliteremshwa pwani akiwa mtoto, pamoja na wengine wasiojua lugha moja. Hakujua kwao kunaitwaje. Alitiwa katika nyumba ya mwanamke ambaye naye alikuwa ametolewa jahazini miaka michache kabla yake. Mwanamke huyo alimwosha, akampa uji, akamlaza karibu naye, na kila siku asubuhi alimwuliza jina lake. Mtoto hakujibu. Wangeweza kumpa jina jipya siku ile ile, maana wengi walipewa hivyo, lakini mwanamke yule alikataa, akasema mtoto huyu ana jina, tutangoja. Yasemekana alingoja mpaka mvua zikaisha. Siku mtoto alipolitamka, mwanamke alilirudia mara tatu, kisha akalia. Wakati wa ubatizo alipewa jina la Kikristo, lakini lile la kwanza nalo liliandikwa, na mimi nalijua, wala sitalitaja hapa kwa sababu ni la nyumbani.

Mtoto yule alipokuwa mzee watoto wa kanisa walimwuliza ni lini alipomjua Mungu. Walitazamia atataja mahubiri au siku ya ubatizo. Alisema mahubiri hakuyaelewa, yalikuwa kwa lugha asiyoijua, na siku ya ubatizo aliogopa maji. "Nilimjua," alisema, "nilipoulizwa jina kila asubuhi."

Maalim alisema kwamba wema wa namna ile hata kwa Waislamu upo, na hata kwa wasio na dini. Sikumbishia, maana ni kweli, na yeye mwenyewe alikuwa shahidi wa maneno yake: mwaka mke wangu alipougua, chakula kilitoka nyumbani kwake kuja kwetu siku arobaini, kimefunikwa kawa. Nilimwambia tu kwamba Mkristo hadai kuwa wema ni mali yake. Anachosema ni kwamba anapokutana nao humjua mwenyewe aliyeutuma, kwa kuwa alikwisha kumwona uso wake mahali. Maalim alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa, akamwita muuza kahawa.

Nimeyakumbuka hayo Krismasi iliyopita katika Kanisa Kuu la Kumbukumbu, lile lililofunguliwa mwaka 1905 kwa kumbukumbu ya Askofu Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885, ambalo kwa kuba lake na matao yake mgeni hudhani ni msikiti. Somo lilikuwa mwanzo wa Injili ya Yohana, na msomaji alikuwa kijana wa shule ya sekondari, hodari, mwenye sauti nzuri, aliyefundishwa sarufi vema. Alipofika penye lile neno, ama kwa mazoea ya darasani ama kwa kudhani wapiga chapa wamekosea, alisoma lilikuwa. Katika benchi la pili alikaa mama mmoja mzee wa Kisauni, ambaye namjua, naye hajui kusoma hata jina lake. Hakungoja somo liishe.

"Alikuwa, mwanangu," alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni. "Alikuwa."

Kijana alirudi juu ya mstari, akausoma tena.